Wifi Yangu Aliyeitwa Mtoro

Kwetu neno hilo halikuhitaji maelezo. Ukisema "Mtoro," kila mtu anajua unamsema nani, kuanzia mama mpaka watoto waliozaliwa baadaye ambao hawakuwahi kumwona hata kivuli. Mtoto akichelewa dukani aliulizwa kama amemfuata Mtoro. Sindano ikipotea ilisemwa imetoroka na Mtoro. Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pekee. Waliomsema miaka yote ni wale wasiomjua. Mimi nilikunja naye mashuka mpaka vidole vikapinda, kwa hiyo nikisema jambo lake, nalisema kwa haki.

Lakini utoro kwetu haukuanza na yeye. Baba alitoka asubuhi moja kwenda kurudisha msumeno wa watu. Alikuwa ameuazima kwa seremala wa mtaa wa juu. Mimi bado nabebwa mgongoni. Kaka amekaa kizingitini, anamwangalia anavyokwenda na msumeno begani. Jioni mwenye msumeno akaja kupiga hodi, anauliza msumeno wake. Hapo ndipo mama akajua. Watu walimpa moyo, wakamwambia labda amepatwa na ajali, akawajibu, "Ungerudi msumeno peke yake ningesema kafa. Vimekwenda vyote viwili. Huyo ana kazi mahali."

Kaka alikua akawa seremala yeye mwenyewe, fundi wa milango. Maneno machache, mkono safi. Hakunywa, hakupiga mtu, hakutukana. Ila kitu alichokipenda alikifungia. Redio ilikuwa ndani ya sanduku, sanduku lina kufuli. Baiskeli ilifungwa mnyororo hata ikiwa ndani ya chumba. Alipooa, basi, na mke naye akafungiwa. Asubuhi akitoka kwenda karakana anavuta mlango, anapitisha komeo kwa nje, anabana kufuli, anatia ufunguo mfuko wa shati. Ndani anamwachia mkewe ndoo mbili: moja ya maji safi, nyingine sitaisema. Jioni anarudi, anafungua, anamsalimia vizuri, anamuuliza ameshindaje.

Mama aliona sawa. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema. Mimi nilikuwa nimeolewa mtaa mwingine. Nikienda kumsalimia wifi tunaongea kupitia nondo za dirisha, namwambia ya mjini, ananiuliza bei ya nyanya ambazo hatazinunua yeye. Nilijisemea kaka yangu anapenda kupita kiasi. Wengine waume zao hata kuwatazama hawawatazami.

Siku aliyoondoka, kaka alirudi jioni kama kawaida. Kufuli lipo, komeo lipo, kila kitu kimekaa kama alivyokiacha. Akafungua. Akasukuma. Mlango mzima ukaanguka ndani, naye juu yake, kishindo kikasikika mpaka kwa jirani wa tatu. Bawaba zilikuwa zimefunguliwa kwa ndani. Skrubu zote zilikuwa mezani, kwenye kisahani cha chai, zimepangwa ndogo kwa ndogo na kubwa kwa kubwa, na kisu cha jikoni pembeni, ncha imepinda. Kitandani shuka limetandikwa. Hakuchukua chochote zaidi ya nguo zake.

Mtaa ukajaa maneno. Katoroka. Kaingia mitini. Kala kona. Kila mtu alikuwa na lake la kusema kitendo kilekile, na kila mtu aliishia kwenye swali moja: "Na nani?" Maana kwetu mwanamke hatoroki peke yake, kama vile gari haliendi bila dereva. Mama alisema mwanamke hawezi kufungua bawaba, lazima kuna mwanaume aliyemsaidia. Wakahesabiwa wanaume wote wa mtaa mmoja mmoja, akakosekana muuza mkaa. Maskini wa watu alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake. Aliporudi, ana vumbi la safari na macho mekundu ya kulia, mama alimpokea na mwiko wa kusongea. Alipigwa kabla hajatua begi. Na hata baada ya hapo watu hawakumwacha, akipita, mtu atakohoa na kusema, "Mwenye mke wa fundi huyo anapita."

Kaka aliurudisha mlango kwa mikono yake mwenyewe. Hakuoa tena. Hakumtafuta. Mama akafa akimwita yule Mtoro, na kaka hakuwahi kumwita jina lolote.

Mume wangu alipofariki, na binti yangu ameolewa mbali, nilihamia chumba cha pili cha nyumba ile, ukuta mmoja na kaka. Tuliishi kama majirani wa basi, kila mmoja anaangalia dirisha lake. Mimi sikuzaliwa kukaa nikitazamana na ukuta, nikaomba kazi ya kufua kwenye hospitali kubwa, nikapata.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa, karibu na tanuri la kuchemshia maji. Sakafu imelowa siku zote, hewa ni mvuke mtupu, ukiingia na nywele zilizochanwa unatoka kama umenyeshewa. Msimamizi tulimwita Mzee Mvuke, kwa sababu hukumwona mpaka akukoholee sikioni. Siku ya kwanza akanivuta mkono mpaka kwenye meza ya kukunjia. "Mgeni, utashika upande huu. Mwenzako huyo hapo, anaijua kazi."

Mvuke ukapungua kidogo, nikamwona. Nywele zimeanza mvi, mwili umekauka, lakini shingo ileile iliyonyooka. Aliniangalia mara moja, akainama, akachukua pembe mbili za shuka. Nami nikachukua zangu mbili.

Kukunja shuka la hospitali ni kazi ya watu wawili. Mnarudi nyuma mpaka lisimame kama ubao, mnalitikisa pamoja, mnalivuta mikunjo itoke. Halafu mnatembea kukutana katikati, pembe kwa pembe, vidole vinagusana, mmoja anachukua pembe zote nne, mwingine anainama kushika ukingo wa chini. Halafu mnaachana, mnaanza jingine. Huwezi kumkwepa mwenzako. Unaweza kukataa kusema naye, lakini kila shuka litakuleta mbele ya pua yake.

Mimi nilivuta. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, nia yangu aachie aanguke kinyumenyume kwenye kapu la foronya. Hakuachia. Shuka la kwanza, la pili, la kumi. Mwishowe, tulipokutana katikati, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, vuta polepole. Shuka halijakukosea."

"Usiniite wifi."

"Nikuiteje? Talaka sijapewa. Mpaka nipewe, utakuwa wifi yangu, utake usitake."

Tukaachana, tukachukua jingine. Tulipokutana tena nikawa na jibu tayari. "Mtu katoroka na mwanaume, halafu anadai uwifi."

"Mwanaume gani?"

"Muuza mkaa."

Alicheka mpaka akaachia pembe zote mbili, shuka likaanguka kwenye maji, likarudishwa kufuliwa. "Yule mwenye pumu?" akasema. "Wifi, yule alikuwa hawezi kutoroka na gunia lake mwenyewe."

"Kama si yeye, ulitoroka na nani?"

"Na miguu yangu. Yote miwili."

Habari zake nilizipata hivyo, kipande kimoja kwa shuka moja. Tukikutana katikati anasema maneno machache, tunaachana, mimi narudi nyuma nikiyatafuna, tunakutana tena ananiongezea. Na kwa namna ile nikajua siku aliyoamua. Jiko la mpangaji wa mbele lilishika moto. Moshi ukaingia chini ya mlango. Alisikia watu wanakimbia uani, wanatoa magodoro, wanaitana majina. Yeye akapiga kelele dirishani, lakini kila mtu ana kelele zake siku kama hiyo. Akalowesha blanketi kwenye ndoo ya maji safi, akaliziba chini ya mlango, akakaa sakafuni. Moto ukazimwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba chumba cha nyuma kina mtu.

Jioni kaka alifungua mlango, akamuuliza ameshindaje. Akamweleza yote. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, kwa makini, halafu akasema, "Lakini hukuungua."

Wifi alinisimulia hilo tukiwa tumeshika pembe, hatukuachana, shuka limening'inia katikati yetu. "Hakusema kwa ubaya," akasema. "Ndiyo maana niliondoka. Angesema kwa ubaya ningemsubiri apoe."

Kaka ni kaka. Lakini tangu siku ile nilivuta polepole.

Tulizoeana. Si kwamba tulikuwa mashoga wa kutembeleana. Kwake alikaa chumba cha kupanga peke yake, na sikuwahi kukanyaga. Nikimuuliza jioni anakwenda kufanya nini, anajibu, "Nakwenda kukaa na mlango wazi." Nilifikiri ni mzaha. Baadaye mpiga pasi mmoja, mwanamke mnene wa kuchekesha tuliyemwita Mama Pasi, aliyepanga nyumba ileile, akaniambia ni kweli: mvua inyeshe, mbu waingie, yule mwanamke hafungi mlango mpaka usingizi umshike. Anakaa kwenye kigoda, anatazama nje. Hana mgeni, hangoji mtu.

Kisha hospitali ikaletewa madaktari wageni, na mkubwa mmoja akaamua wafanyakazi wote wajue Kiingereza kidogo, hata sisi wa mashuka. Kila Jumatano baada ya kazi tukakusanywa chumba cha kulia chakula. Mwalimu alikuwa msichana mpole, chaki imemtapakaa mpaka kwenye nyusi. Mimi Kiingereza sikukitaka. Nilikwenda kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniuliza kwa nini nimechelewa.

Jumatano moja akaandika ubaoni maneno mawili, akayasoma: rani awei. Akasema neno la kwanza likiwa peke yake mtu anakimbia tu, hata kama ni mazoezi, hata kama ni mvua. Ukilitia hilo la pili nyuma yake, mtu huyo anakimbia asikae tena pale alipokuwa. Hutumika kwa mtoto aliyehama kwao kwa siri, kwa mfungwa, kwa mlinzi aliyeacha lindo, kwa mbwa aliyekata kamba. Ukitaka kusema amekimbia nini, unaongeza kineno cha tatu. Ukitaka kusema amekimbia na nani, au amebeba nini, unaongeza kingine. "Na si lazima miguu itumike," akasema. "Mtu anaweza kukaa kitini kwake na bado wakasema hivyo juu yake, kama kuna jambo analikwepa kulitazama."

Akataka mifano. Mama Pasi akasimama wa kwanza, akasema paka amekimbia na samaki. Mwingine akasema fundi amekimbia na redio yake, na akaanza kueleza ni redio ya namna gani mpaka akaambiwa akae. Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikasema kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba baba yangu alikimbia na msumeno.

Darasa likacheka. Mama Pasi alipiga meza. Mwalimu akasema sentensi iko sawa kabisa. Nilikaa, nikatazama mbele, maana mimi sikuwa nimefanya mzaha. Wifi peke yake hakucheka. Aliinua mkono.

"Mwalimu, kuna mtu kaondoka. Hakuna anayemfukuza. Hakubeba cha mtu, na hakwenda na mtu. Tena alitembea, hakukimbia. Neno hili ni lake?"

Mwalimu akafikiri. "Alikuwa amezuiwa kutoka?"

"Alikuwa amefungiwa."

"Basi la kwake ni jingine, la kuponyoka." Akaanza kuliandika, akasita. "Lakini aliaga?"

"Angemuaga nani? Mwenye ufunguo hakuwepo."

"Nadhani wale waliobaki watatumia hili la kwanza," akasema mwalimu, "kwa sababu waliamka hawamwoni na hawakuagwa. Wao wanasema walivyoona wao."

Wifi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona ni haki. Hakuuliza tena.

Tulipotoka nilikuwa nimefura. "Umeuanika ukoo wetu mbele za watu."

"Wewe ndiye uliyeanza na msumeno."

Tulifika njia panda, yeye huku mimi kule. Akasimama kidogo. "Wifi, kumbe ni hilo tu linalowauma. Kwamba sikuaga."

"Si hilo tu."

"Kubwa ni hilo," akasema, akaenda zake.

Wiki ile ile nilimwambia kaka. Nilikuwa nimefanya kazi na mkewe muda wote ule bila kumgusia, kwa sababu hakuniuliza, na mimi si mtu wa kumwaga habari bila kuulizwa. Nilimkuta anakula. "Nakunja mashuka na mkeo," nikasema.

Akaendelea kutafuna. "Yuko na nani?"

"Na mimi."

"Nauliza nyumbani."

"Peke yake. Kama wewe. Kama mimi."

Akamaliza kula, akaosha sahani yake, akaiweka kabatini, akalifunga. Nikadhani yameishia pale. Lakini asubuhi yake nikasikia randa inaimba uani. Wakati ule mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka na karakana alikuwa ameiacha. Nilikuwa sijamsikia akipiga randa kwa muda mrefu. Alikuwa ametoa mbao nzuri alizozificha chini ya kitanda. Alifanya kazi siku nyingi, asubuhi tu, kabla mkono haujachoka. Ulikuwa mlango. Paneli nne, kingo zimechongwa, hakuna pengo hata la kupitisha ukucha. Siku aliyoumaliza akaja chumbani kwangu, akasimama mlangoni. Hakuwa na kawaida ya kuja.

"Mwambie nimetengeneza."

"Nimwambie umetengeneza nini?"

"Mwambie hivyo. Nimeona nilipokosea. Mwambie arudi."

Nilimwangalia usoni, nikaona yule mtoto wa kizingitini. Sikujua mpaka siku ile jinsi nilivyotaka wifi arudi. Nilijiona tumekaa watu watatu mezani, mtu ananitania, mtu anacheka ng'ambo ya ukuta. Nikampelekea ujumbe kama ulivyo, sikuongeza chumvi. Tulipokutana katikati ya shuka nikamwambia, "Kaka anasema ametengeneza. Anasema ameona alipokosea. Anataka urudi."

Akalikunja lile, na lililofuata, na lililofuata. Halafu akasema, "Nitakuja Jumapili mchana. Nitakuja, wifi. Kurudi ni neno jingine."

Mimi nikasikia lile la kwanza tu. Nilifua mapazia. Nilisugua sakafu ya chumba cha kaka mpaka saruji ikang'aa. Nilioka mkate, nikachemsha chai mapema mno ikabidi niimwage na kuchemsha nyingine.

Alikuja na gauni safi na pakiti ya sukari mkononi, kwa sababu mgeni haji mikono mitupu. Kaka alisimama kumpokea. Alikuwa amevaa shati jeupe lililobaki na alama za kukunjwa.

"Hodi, fundi."

"Karibu. Karibu ndani. Umeshindaje?"

Niliona bega la wifi limeshtuka kidogo kwa salamu ile, lakini akajibu, "Nimeshinda salama," akaingia, akaketi. Mlango mpya ulikuwa umeachwa wazi, umesimama kama mgeni wa heshima. Akausifu. Kaka akamweleza mbao ni za wapi na amezikausha vipi. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Nikamimina chai. Nikajipa kazi ya kukata mkate vipande vyembamba vyembamba, ili niwepo nisiwepo.

Kisha kaka akatia mkono mfuko wa shati, akatoa ufunguo uliofungwa uzi mpya. Akauweka mbele yake. Ufunguo ukagonga kisahani.

"Huu ni wako," akasema. "Mimi ninao wangu. Zamani ulikuwa mmoja. Hapo ndipo nilipokosea."

Wifi aliutazama ufunguo. Akainuka, akaenda mlangoni, akautazama upande wa nje. Komeo jipya la chuma, limepigwa skrubu nzito, na kufuli jipya linang'aa, linaning'inia kwa nje. Akauvuta mlango kidogo, akautazama upande wa ndani.

"Kwa ndani kuna nini, fundi?"

"Kwa ndani nimepiga msasa mara nyingi," kaka akasema, uso umemchangamka. "Pitisha mkono."

Wifi alipitisha mkono, kutoka juu mpaka chini, polepole, mbao ikatoa sauti ndogo kama kitambaa. Nami nilikuwa namwangalia yeye, si mlango, na bado sikuwa nimeelewa.

"Laini kweli," akasema. "Hujawahi kutengeneza mzuri kama huu."

Akarudi mezani. Hakukaa. Alichukua kikombe chake.

"Fundi, mara ile sikukuaga. Leo nimekuja kukuaga."

"Hata chai hujamaliza."

Akainywa chai yote kwa kusimama, mpaka kwenye majani, akakiweka kikombe kando ya ufunguo. "Nimemaliza. Asante. Ni chai nzuri. Kwaheri, fundi, ukae salama. Wifi, kwaheri." Akampa kaka mkono. Kaka aliupokea, maana hakujua kingine cha kufanya, akaushika, akauachia. Wifi akatoka, akaurudisha mlango taratibu mpaka ukagusa fremu bila kufungika.

Tulibaki na ule mkate.

"Katoroka tena," kaka akasema.

"Hapana, kaka. Ameaga."

"Sasa nimekosea wapi? Funguo ni mbili. Umeziona ni mbili."

Ndipo na mimi nikaelewa, na ilinijia kwa uchungu, kama kujigonga kidole. Ningeweza kumweleza. Lakini mimi na kaka hatukulelewa kwa kuelezana. Nikachukua ule ufunguo wenye uzi, nikamtia mkononi. "Shika wako. Kaa hapohapo." Nikatoka nje, nikavuta mlango, nikapitisha komeo, nikabana kufuli.

"Haya kaka," nikamwambia kupitia mbao. "Fungua, utoke."

Kwanza nikasikia hatua zake. Halafu nikasikia mkono. Ulipita juu, ukapita katikati, ukashuka, ukarudi juu, unapapasa ile mbao laini aliyoilainisha mwenyewe, unatafuta tundu la ufunguo. Ukasimama. Ukaanza tena, kwa kasi kidogo. Halafu nikasikia mgongo unateremka taratibu kwenye mbao.

"Mdogo wangu," akaita.

Nilipitisha mkono kwenye nondo za dirisha, nikachukua ule ufunguo wake mwingine alioutundika msumarini, nikafungua. Alikuwa amekaa chini kwenye saruji, mgongo umeegemea mlango, ikabidi niusukume taratibu mpaka asogee. Alikuwa na uso ambao sijui nitauandikaje. Hakunigombeza. Alisema neno moja tu.

"Mfuate."

Nikaenda, na viatu vya ndani. Nilipofika barabarani alikuwa hajafika mbali. Alikuwa anatembea katikati ya watu wa Jumapili, polepole, mkono mmoja unacheza, kama mtu anayetoka kwa ndugu zake baada ya kula vizuri. Mgongo wake ulikuwa karibu kiasi kwamba hata nisingehitaji kupaza sauti. Nilijua nikimwita atageuka, kwa sababu alikuwa hakimbii.

Sikumwita. Nilisimama pale mpaka akapinda.